Kakule wa Kitabuni

Butembo, tarehe 28 Oktoba 2025

Mpendwa Tantine Solange,

Kuna kikohozi kimoja ambacho hakitoki masikioni mwangu. Ni kikohozi kidogo, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Baada yake unakuja ukimya mfupi, kisha jina la mtu. Leo nimeamka nacho, nimefundisha nacho, na sasa nimekaa nacho mezani nikikuandikia. Nitakueleza kilikotoka, lakini nikusalimu kwanza, usije ukasema kaka yako alishindwa kunilea.

Tumsifu Yesu Kristo, Tantine. Mgongo wako unaendeleaje? Baridi ya Montréal imeshaanza, au bado mnatembea bila makoti? Jephté amepona mkono? Na Shekinah, bado anakataa kula kitu chochote cha kijani? Mwambie hapa Butembo angekufa njaa, maana sombe ya majani ya muhogo ndiyo inayotulea.

Sisi tuko, kwa neema ya Mungu. Baba na Mama wanaendelea na mashamba huko Musienene. Viazi vimekubali, maharagwe yamelowa na mvua, na Baba analalamika kama kawaida huku akipakia magunia. Mimi bado nafundisha Kifaransa kwenye shule ya masista. Nadège, mke wa baba mdogo Jacob, anauza unga sokoni na bado anaishi nasi. Mama yako, Mukaka wetu Berthe, presha yake imetulia na anakula vizuri. Usingizi ndio unaomkosa, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Najua ungependa nikutumie sauti kwa simu kama siku zote. Safari hii sikutaka. Sauti ndiyo iliyotuletea mambo haya yote, kwa hiyo naona heri karatasi. Jéthro, kijana wa jirani, anakwenda Kampala kununua vitenge vya duka lake, na ameahidi kuitia barua hii posta huko.

Uliponitumia vile vitabu vitatu vya kusikiliza, uliniuliza vimenigusaje. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikianza, jibu linageuka na kuwa habari ya nyumbani.

Cha kwanza, kile cha Kifaransa kuhusu dada wawili na nyumba ya urithi, sikukipenda. Samahani. Msomaji wake ni mwigizaji mzuri mno. Dada mkubwa akihuzunika, mwigizaji analia. Mdogo akikasirika, anapumua kwa nguvu hadi naondoa spika masikioni. Alifanya kazi yote mwenyewe, hakuniachia hata chozi moja la kwangu. Cha pili nilikipenda kidogo zaidi kwa sababu mwanamume anayekisoma anaonekana amechoka, anasoma kama mtu anayetaka kurudi nyumbani, na katika uchovu ule nilipata nafasi ya kukaa na kufikiri.

Lakini nilijifunza jambo moja juu yangu ambalo linanitisha. Mimi nikisoma kwa macho, najilinda. Naona sentensi mbaya inakuja, nainua kichwa, natazama dirishani, naruka mistari. Wakati mwingine naenda kuangalia ukurasa wa mwisho ili nijue nani atabaki. Kwa masikio siwezi. Maneno yanaingia kwa mwendo wa mtu mwingine, na mwili wangu unayapokea kabla kichwa hakijasema kwamba hii ni hadithi. Mimi ninayesimama mbele ya wanafunzi kila wiki kuwaeleza maana ya riwaya, nimekaa kitandani nikishika tumbo kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Sasa kitabu cha tatu, kile cha Kiswahili. Ulisema umekinunua kwa sababu uliona kimerekodiwa hapa Butembo na ukafurahi. Wewe uliondoka zamani, hukuweza kujua. Anayekisoma ni Mzee Ézéchias.

Nikueleze huyo ni nani. Kwa miaka mingi alikuwa akisoma matangazo kwenye redio moja ya hapa mjini: nani amefariki, kilio kiko wapi, nani alitoka nyumbani hajarudi, alivaa nini, mtu akimwona apige namba gani. Alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya jina. Kikohozi kile kikisikika, wanawake walikuwa wanaacha kutwanga, wenye pikipiki walikuwa wanazima injini. Mji mzima ulikuwa unangoja jina. Na hakuna aliyewahi kukumbuka Ézéchias amekosea jina la mtu.

Na mwandishi wa kitabu, kwa bahati mbaya yetu, amekianza kama tangazo. Kinasema: Kakule, mtu mzima, urefu wa kiasi, amevaa shati la kijani, alitoka nyumbani asubuhi kwenda shambani kwake upande wa Beni, na mpaka sasa hajarudi. Mbele ya jina, kikohozi. Nafikiri Mzee mwenyewe hakujua hata kwamba amekohoa.

Wewe unajua Kakule ni wangapi kwetu. Ni jina la zamu ya kuzaliwa, kila nyumba yenye wavulana wengi inaye. Nyumba yetu pia inaye, na ni yule aliyetoka kwenda shamba la kakao mwaka ule tuliokimbia Beni: Kakule Jacob, kaka yako.

Nilikuwa uani na Mukaka, tunachagua maharagwe. Spika moja ya masikioni ilikuwa imekufa, kwa hiyo nikaweka simu itoe sauti juu ya ndoo iliyogeuzwa. Sikufikiri kitu. Mukaka alipenda kila mara michezo ya redio, nikadhani atafurahi. Mwanzo ule uliposomwa, mikono yake ilisimama ndani ya ungo.

“Ézéchias amerudi ku redio?” akauliza.

“Hapana, Mukaka. Hiki ni kitabu. Ni hadithi.”

“Hadithi? Théâtre iko na batu wengi, banacheka, banapigana, muziki inaingia. Huyu iko peke yake. Amesema jina, amesema njia, amesema shati. Usinidanganye mimi mutu mzima.”

Nilieleza. Nilieleza Kiswahili, nikaeleza Kinande, nikaleta hata riwaya za rafu yangu na kumwonyesha. Alizitazama kwa heshima kama anavyotazama dawa za mgonjwa mwingine. Kesho yake aliomba tena. Keshokutwa yake walikuja mama wawili wa shirika letu la parokia, wakakaa kwenye mkeka. Mmoja wao ana binti ambaye hakurudi pia. Ningewafukuzaje?

Katika kitabu, yule Kakule anatembea porini na wenzake waliotekwa pamoja naye na watu wenye silaha. Katikati ya kitabu anatoroka, anatokea kwenye zahanati ndogo karibu na Beni, na mganga anampa uji. Jina la mahali hapo ni la kubuni, nimeuliza. Mukaka aliposikia habari ya ule uji, alipiga makofi mara moja, akasimama, akaenda ndani. Nilimkuta ametoa nguo za baba mdogo kwenye sanduku na kuzianika zote kwenye kamba, mbele ya majirani.

“Alikuwa na shati ya kijani,” alisema. “Unakumbuka?”

Nadège alikuwa anapita na beseni la unga kichwani. Hakusimama. Alipofika jikoni alisema polepole, mimi tu nikasikia: “Ilikuwa ya bluu. Mimi njo nilimupigia pasi.”

Tantine, hapa ndipo moyo wangu unaponiuma. Ulijua, maana Baba alikuandikia, kwamba mwezi wa nane Mukaka alikuwa amekubali hatimaye tumwombee Jacob misa ya marehemu. Ingesomwa siku ya marehemu wote, Jumapili ijayo. Ilichukua miaka kufika hapo. Padri alishaandikiwa jina. Na Nadège, ambaye si mke wa mtu na si mjane, angeweza kuvua kitambaa cha kichwa alichokifunga tangu Jacob apotee, na kumjibu Ésaïe. Ésaïe ni yule fundi wa milango, mwenye watoto wawili, aliyefiwa na mkewe. Ni mtu mpole. Alishakuja kwa Baba kusema nia yake, akaambiwa angoje misa. Anangoja. Anapita mbele ya nyumba na mbao zake, anasalimu, anakwenda.

Mukaka alimtuma mtu kwa padri kuondoa jina. Alisema hawezi kumwombea kama maiti mtu anayekunywa uji.

Kisha akaniambia nimtafutie nafasi kwenye gari la Beni la Alhamisi. Anataka kwenda kuuliza kwenye zahanati. Unaijua ile barabara na hatari yake, na umri wa Mukaka unaujua. Baba alipanda kutoka Musienene kumzuia. Mukaka alimsikiliza vizuri, akampa chakula, akamwambia: “Weye uko na mashamba yako. Mimi niko na mutoto wangu.” Baba akarudi na sura ambayo sijawahi kumwona nayo.

Nilikwenda kumtafuta Mzee Ézéchias. Redio aliiacha. Siku hizi anauza mbegu za mboga kwenye kibanda karibu na soko. Kabla sijakaa aliniuliza:

“Na weye ni wa Kakule?”

“Nani amekuambia?”

“Hapana mutu ananunua mbegu na macho ile.” Akainama, akanionyesha kuku mwekundu aliyefungwa mguu chini ya meza. “Huyu ni wa Kakule. Mama moja amemuleta, eti nimufikishie, amekonda sana kule porini. Nikamuambia, mama, ule mutu ni wa kitabu. Akanijibu: najua, lakini si atakula?”

Nilicheka, Tantine. Nilicheka kwa sauti, hadi mwenye duka la pili akatokeza kichwa. Yeye pia alicheka, kisha akaacha.

Nilimwomba aje nyumbani amweleze Mukaka kwa kinywa chake kwamba ni hadithi. Alikataa. Alisema: “Nikifika pale mulangoni, hata nikisema jambo tu, atafikiri nimeleta habari. Batu hapana wananikaribisha tena, binti. Bananiangalia midomo.” Aliniambia aliacha redio kwa sababu ya majina. Watu wa kitabu walipomwita, alikubali kwa furaha kwa sababu kwa mara ya kwanza angesoma habari za mtu anayerudi. Nilimuuliza kama mwisho wa kitabu unafaa kusikilizwa na mama mzee. Alipanga pakiti za karoti upya, zilizokuwa zimepangwa tayari.

“Mimi nilisoma mupaka mwisho,” alisema. “Sikukatia njiani.”

Mwisho nilikuwa ninaujua. Nilikuwa nimeshausikia peke yangu na ndio ulioniharibia usingizi. Kakule anafika nyumbani kwao na kukuta moto wa kilio unawaka uani. Watu wamekaa. Anadhani wanamlilia yeye, anataka kuwaambia nyamazeni, nimerudi. Lakini wanamlilia mama yake. Amekufa juzi.

Fikiria hofu yangu. Mukaka anayemwamini Ézéchias kuliko daktari, nimwekee sauti ile ile imtangazie kifo chake mwenyewe. Niliona presha yake ikipanda. Niliwaona wale mama wa shirika wakisema ni ishara. Kwa upande wa pili niliona gari la Alhamisi. Nilifikiri kumwambia simu imeharibika. Nilifikiri kufuta kitabu. Usiku nilipanga hata kusimulia mwisho wa uongo kwa sauti yangu, asubuhi nikaona aibu. Nilifikiri kukuuliza wewe, uliye binti yake. Nilikuandikia ujumbe, nikaufuta. Ungenijibu nini ukiwa mbali hivyo, Tantine? Ungelia tu, na mimi ningebaki na simu mkononi.

Kwa hiyo sikukungoja. Juzi Jumapili, tuliporudi kutoka misani, nilimwambia Mukaka kwamba imebaki sura ya mwisho, kwamba si nzuri, na kwamba nitakaa karibu naye. Nilimwambia Nadège asiende sokoni. Wale mama wengine sikuwaita.

Mvua ilianza mara tulipokaa. Juu ya mabati husikii kitu, tukangoja. Nadège alimenya viazi vyote vya siku, akaanza vya kesho. Mukaka alishika rozari bila kuisali. Mvua ilipopungua nikabonyeza.

Alisikiliza njia yote ya kurudi akitikisa kichwa, kama mtu anayefuata mtu kwa macho. Moto wa kilio ulipotajwa alijiinamia. Na Ézéchias aliposoma ni nani aliyekufa, aliinua mkono. Nikasimamisha.

“Nani amekufa?”

“Mama yake Kakule.”

“Ule mwenye alimuzaa? Hapana mama mudogo?”

“Ule mwenye alimzaa, Mukaka.”

Alitazama mikono yake, pande zote mbili. Akanitazama mimi. Akamtazama Nadège, ambaye kisu chake kilikuwa kimesimama ndani ya kiazi. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Mukaka kutafuta mapigo, na mapigo niliyoyasikia yalikuwa yangu.

“Bon,” alisema. “Miye niko hapa.”

Alijigusa kifua kwa kidole.

“Donc basi, ule hapana Jacob.”

Nilijiandaa kwa kilio, kwa hasira, kwa kuanguka. Kisha akanisukuma kwa kiwiko.

“Fungula tena. Mutoto wa batu amefika ku kilio, hata mutu mumoja wa kumuambia pole. Unamuachaje pale na simu imezimwa?”

Nikafungua. Tulisikiliza mpaka mwisho. Alimlilia yule mtu, Tantine. Alilia kwa sauti, kwa maneno ya Kinande ya kulilia mtoto wa jirani, yale yasiyotaja jina. Nadège aliweka kisu chini, akalia naye, na yeye jina alilitaja. Mukaka hakumnyamazisha. Miaka yote hii alikuwa anamnyamazisha.

Jioni aliniambia nimpigie dereva wa Beni ampe mtu mwingine nafasi yake. Nilipiga pale pale, kabla hajamaliza sentensi. Juu ya misa amesema bado. Baba alidhani atakubali sasa, hakukubali. Jina halitasomwa Jumapili, na sidhani litasomwa mwaka huu. Lakini wakati wa kula alimsogezea Nadège sahani ya nyama, jambo asilolifanya, akamwambia: “Ésaïe aje aseme na mimi. Weye usingoje tena. Kungoja ni kazi ya mama, mimi nitaifanya.” Nadège aliosha vyombo vyote, hata vile visafi. Jana sikumwona na kitambaa, lakini jana kulikuwa na jua kali, sitaki kukuambia zaidi ya nilichoona.

Kama nimefanya vibaya, nikasirikie mimi. Usimkasirikie Mzee Ézéchias, wala usijilaumu kwa kununua kitabu. Sijui kama niliyemwondolea Mukaka ni mwanawe au ni mtu wa kitabuni tu. Nimeshafanya, siwezi kurudisha nyuma.

Wasalimie sana Jephté na Shekinah, na mume wako ambaye simu zangu hazimkuti nyumbani. Baba na Mama wanakukumbatia kutoka Musienene. Nadège anasema utume picha za theluji, hasadiki. Mukaka anakubariki wewe na uzao wako, na anaomba Mungu azidi kukuonyesha njia ya kuja kutuona angali anaona. Leo asubuhi ameniagiza nikuombe kitabu kingine, kirefu, chenye mama ndani yake. Ila kisomwe na mtu ambaye yeye Mukaka hamjui.

Anayekupenda na kukungoja, binti wa kaka yako,

Vagheni